Aga Khan wa Tatu na Fedha za Wachangiaji

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Kila mwaka katika jarida letu huwa tunaeleza maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha tangulia mbele ya haki, ili vijana wetu wapate mazingatio. Mwaka huu, kwa kuwa madrasa yetu hapa Puge imo katika mchango wa kujenga vyumba viwili vya madarasa, nimeona nieleze maisha ya mtu ambaye sehemu kubwa ya umri wake aliitumia kuchangisha fedha kwa ajili ya elimu ya Waislamu. Mtu huyo ni Sultan Muhammad Shah, anayejulikana zaidi kwa jina la Aga Khan wa Tatu.

Nitangulize jambo moja ili msomaji asije akashangaa. Yeye alikuwa Imamu wa ndugu zetu Maismailia, na sisi katika madhehebu hatuko pamoja nao. Hapa hatuzungumzii itikadi. Tunazungumzia kazi, na kazi njema mtu huichukua popote anapoikuta.

KUZALIWA NA MALEZI YAKE

Sultan Muhammad Shah alizaliwa Karachi tarehe 2 Novemba 1877. Nchi hiyo wakati ule ilikuwa sehemu ya India iliyotawaliwa na Waingereza. Babu yake, Aga Khan wa Kwanza, alitoka Uajemi akahamia India. Baba yake alifariki mwaka 1885, na mtoto akarithi uongozi wa jumuiya yake akiwa hajatimiza miaka minane.

Hebu fikiri, mwanafunzi wa darasa la pili, umekabidhiwa watu wengi na mali nyingi! Aliyemshika mkono ni mama yake. Bibi huyu alisimamia mali za familia kwa uangalifu mpaka mwanawe akawa mtu mzima, na akahakikisha mtoto anasoma Kiarabu, Kiajemi, Kiingereza na hesabu. Kwa hiyo somo lake la kwanza la utunzaji wa amana alilipata nyumbani, kwa mama.

Mwaka 1897 ugonjwa wa tauni uliua watu wengi Bombay. Kulikuwa na chanjo mpya, lakini watu waliiogopa. Kijana huyu, akiwa na miaka 19, alijitokeza akachanjwa hadharani mbele ya wafuasi wake, na walipoona hakudhurika nao wakakubali. Tabia hii ya kuanza yeye kabla ya kuwaambia wengine tutaiona tena katika mambo ya fedha.

PIGO LA ALIGARH

Ili tufahamu kazi yake kubwa ya kwanza, lazima turudi nyuma kidogo kwa Sir Syed Ahmad Khan. Huyu aliona kwamba Waislamu wa India wameachwa nyuma katika elimu ya kisasa. Mwaka 1875 alifungua shule katika mji wa Aligarh, na mwaka 1877 likawekwa jiwe la msingi la chuo. Alizunguka kuomba michango kwa matajiri na kwa watu wa kawaida, na majina ya waliotoa yakachongwa kwenye mawe ya majengo.

Lakini mwaka 1895 likatokea jambo la kusikitisha. Iligundulika kwamba karani mmoja wa ofisi ya chuo, mtu aliyeaminiwa, alikuwa ameiba zaidi ya rupia 100,000 za chuo. Fedha zile zilikuwa za wachangiaji. Sir Syed alikuwa mzee wa karibu miaka 78, na pigo lile lilimuumiza sana. Alifariki mwaka 1898 akiacha chuo kikiwa katika shida ya fedha.

Ndugu msomaji, tukio hili tulitazame vizuri. Sir Syed hakuwa mwizi, na hakuna aliyemdhania hivyo. Kosa ni kwamba fedha za watu wengi zilikuwa chini ya macho ya watu wachache mno, na imani ikachukua nafasi ya ukaguzi. Uaminifu wa kiongozi hautoshi kulinda hazina.

SAFARI YA MCHANGO, 1911

Mwaka 1902, katika mkutano wa elimu wa Waislamu wa India uliofanyika Delhi, Aga Khan alisimama kuwahimiza Waislamu wakipandishe chuo cha Aligarh kiwe chuo kikuu kamili. Alikuwa na miaka 25 tu. Mwaka 1906 aliongoza ujumbe wa viongozi wa Kiislamu kwenda kuonana na mtawala wa Kiingereza huko Simla, na mwishoni mwa mwaka huo chama cha Muslim League kikaundwa mjini Dhaka. Yeye akawa rais wake wa kwanza.

Lakini maneno ya mkutanoni hayajengi chuo. Mwaka 1911 iliundwa kamati ya kukusanya fedha za chuo kikuu, na Aga Khan akaiongoza. Kwanza alitoa yeye mwenyewe rupia 100,000. Kisha akaanza safari ya mji kwa mji, akifuatana na Shaukat Ali kama katibu wake. Mtu aliyezoea kupewa heshima za kifalme alisimama mbele za watu kama muombaji. Matajiri walitoa, watawala wa majimbo ya Kiislamu walitoa, na watu wa kipato cha chini nao walitoa walichokuwa nacho. Zilipatikana zaidi ya rupia milioni 2, kiasi kikubwa sana kwa wakati ule.

Je, chuo kikuu kilifunguliwa mwaka uliofuata? Hapana. Serikali ya Kiingereza na kamati zilivutana kwa miaka kuhusu madaraka ya chuo. Katikati ya mvutano huo, Dola ya Uturuki ikaingia vitani katika nchi za Balkani. Waislamu wa India walihuzunika sana, na baadhi yao wakatoa rai kwamba zile fedha za chuo wakopeshwe Waturuki.

Hili ni jaribio gumu. Haja ya Waturuki ilikuwa ya kweli, na fedha zilikuwepo. Lakini waliotoa walitoa kwa nia ya chuo. Kwa mujibu wa wanavyuoni wetu, sharti la mwenye kutoa wakfu lina uzito mkubwa, na msimamizi hana ruhusa ya kulibadilisha apendavyo. Anayetaka kuwasaidia wenye vita na afungue mchango mwingine.

Mwisho wa yote, mwaka 1920 ilipitishwa sheria iliyokifanya Aligarh kuwa Chuo Kikuu cha Kiislamu. Mkuu wake wa kwanza alikuwa mwanamke Mwislamu, Sultan Jahan, mtawala wa Bhopal. Kutoka mchango wa 1911 hadi chuo kikuu ni miaka tisa. Fedha za elimu zinataka subira, na subira inataka daftari.

KUJA KWAKE AFRIKA MASHARIKI

Aga Khan alifika pwani yetu kwa mara ya kwanza mwaka 1899, akazuru Zanzibar na Dar es Salaam. Alirudi mwaka 1905, na mara nyingine nyingi baada ya hapo.

Wafuasi wake walikuwa wamekwisha kuwepo zamani. Hata huku kwetu Unyamwezi, wazee wa historia wanamtaja Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi aliyeishi Tabora wakati wa misafara, akafariki mwaka 1861. Wakati ule pembe za ndovu zilishuka kutoka huku hadi Bagamoyo mabegani mwa babu zetu. Mpagazi wa Kinyamwezi alikabidhiwa mzigo usio wake, akatembea nao miezi, akaufikisha. Sifa yake ilikuwa ni kuufikisha mzigo kama alivyoupokea. Mfano huu tutaurudia mwisho.

SHILINGI KWA SHILINGI

Mwaka 1945 huko Mombasa iliundwa jumuiya ya ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, iliyojulikana kwa herufi za Kiingereza EAMWS. Ilikusudiwa kuwasaidia Waislamu wote wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, hasa Waafrika, ambao wengi wao si Maismailia. Kazi yake ilikuwa kujenga misikiti, shule na zahanati, na kuwasomesha vijana.

Utaratibu wake wa fedha ndio uliokuwa wa ajabu. Aga Khan aliahidi kwamba kwa kila shilingi watakayochanga Waislamu wenyewe, yeye ataongeza shilingi moja. Watu wa mahali wakitaka shule ya shilingi 10,000, wakichanga 5,000, zilizobaki zinatoka kwake.

Kwa nini hakutoa zote? Uwezo wa kutoa zaidi alikuwa nao. Lakini utaratibu huu una faida tatu. Kwanza, mtu akichanga chake huiona shule kuwa yake, ataifagia na kuilinda. Pili, mchango wa watu unathibitisha kwamba haja ipo kweli, wala si ndoto ya kiongozi mmoja. Tatu, aliyetoa shilingi yake atauliza imekwenda wapi, na hapo msimamizi hupata wakaguzi wengi bila kuwalipa mshahara.

Una hasara yake pia. Mahali penye umasikini mkubwa watu huchanga kidogo, kwa hiyo huongezewa kidogo, ilhali wao ndio wenye haja zaidi. Tena mfuko unaotegemea mkono wa mtu mmoja uko mashakani siku mkono huo usipokuwepo.

CHUO CHA MOMBASA

Kazi iliyo karibu zaidi na mada yetu ni Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyoitwa kwa kifupi MIOME. Ilipata hati yake mwaka 1948, kwa lengo la kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Fikra hiyo ilihimizwa na Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell.

Tazameni jinsi fedha zilivyopatikana. Aga Khan alitoa pauni 100,000, yaani shilingi milioni 2 za wakati ule. Sultani wa Zanzibar, Seyyid Khalifa bin Harub, alitoa kiasi kama hicho. Jumuiya ya Mabohora ilitoa, na serikali ya kikoloni ikatoa. Na Mswahili mmoja wa Mombasa, Sheikh Khamis Mohamed bin Juma, ambaye hakuwa na familia, alitoa sehemu kubwa ya mali yake. Ismailia, Ibadhi, Bohora na Sunni, wote walikutana katika matofali ya jengo moja. Wanafunzi wa mwanzo waliingia mwaka 1951.

Chuo kile kilibadilika baadaye. Mwaka 1966 kiliitwa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa na kikafungua milango kwa watu wa dini zote, mwaka 1972 kikawa politekniki, na mwaka 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Sheikh Khamis hakuacha mtoto wa kumzaa, lakini vijana wangapi wamepata fani zao katika chuo alichokichangia? Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa mambo matatu, na la kwanza ni sadaka yenye kuendelea. Mwenye kutaka mfano wa sadaka hiyo na aende Mombasa akautazame.

ALMASI ZA DAR ES SALAAM

Wazee wengi wanakumbuka au wamesimuliwa habari za Aga Khan kupimwa kwa almasi. Ilifanyika Bombay mwezi Machi 1946, kisha Dar es Salaam tarehe 10 Agosti mwaka huo huo, kuadhimisha miaka 60 ya uongozi wake. Alikaa upande mmoja wa mizani, na upande wa pili zikawekwa almasi. Ukumbi wa Diamond Jubilee ulioko Upanga umebeba jina la sherehe hiyo.

Watu wengi husimulia kwamba mtu yule aliondoka na almasi zake. Sivyo ilivyokuwa. Almasi zile zilikuwa za kuazimwa, na baada ya sherehe zilirudishwa kwa wenyewe. Kilichotolewa na wafuasi wake ni fedha, na yeye akaagiza zitumike kwa maendeleo ya jumuiya. Katika miaka hiyo ya 1945 na 1946 uliundwa mfuko wa uwekezaji wa Diamond Jubilee, uliosaidia watu kupata mikopo ya nyumba na biashara. Mfuko huo ndio asili ya benki ya Diamond Trust ya leo. Kabla yake, miaka 50 ya uongozi wake iliadhimishwa Nairobi kwa dhahabu mwaka 1937, na mwaka huo ikazaliwa kampuni ya bima ya Jubilee huko Mombasa.

Mambo ya riba yana hukumu yake katika sheria yetu, na katika hilo hatumfuati mtu. Tunachokiangalia hapa ni fikra ya kutoila mbegu. Fikra hii sisi tunayo tangu zama za Sayyidna Umar (R.A.), alipopata ardhi Khaybar akamwendea Mtume (S.A.W.) kutaka ushauri, naye akamwelekeza aizuie asili yake isiuzwe wala isirithiwe, na mazao yake yatolewe sadaka. Mkulima wa Puge analifahamu hili bila ya kufundishwa. Hata njaa ikibisha hodi, gunia la mpunga wa mbegu haligeuzwi wali.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Mwaka 1937 Aga Khan alichaguliwa kuwa rais wa Mkutano Mkuu wa Shirikisho la Mataifa huko Geneva. Alifariki tarehe 11 Julai 1957 huko Versoix, karibu na mji huo, akiwa na miaka 79. Amezikwa Aswan, Misri. Uongozi wa jumuiya yake aliurithi mjukuu wake Karim, aliyeanzisha Chuo Kikuu cha Aga Khan mjini Karachi mwaka 1983 na kufariki Februari 2025.

Ama EAMWS, makao yake yalihamia Dar es Salaam, na mwezi Desemba 1968 serikali ya Tanzania iliipiga marufuku. Mali zake zikaenda BAKWATA, iliyoundwa mwaka huo. Waislamu wa Tanzania wakasubiri mpaka mwaka 2005 ndipo kilipofunguliwa Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO na kutolewa na serikali wakati wa Rais Mkapa. Chuo hicho kiko chini ya taasisi yao ya maendeleo, Muslim Development Foundation.

MAFUNZO KWETU

Wazazi na wanafunzi, nimeeleza habari hizi kwa sababu ya jambo lililonikuta mwenyewe. Nilipokuwa kijana nilikuwa katibu wa mchango wa kuchimba kisima katika madrasa moja, si hii yetu. Watu walileta fedha, wengine walileta debe la mpunga, karanga, hata kuku. Mtunza hazina wetu alikuwa mzee mcha Mungu, nasi tukaona haya kumwandikia stakabadhi mtu mkubwa kama yule. Mpunga uliuzwa, bei haikuandikwa. Fedha zilipopungua, maneno yakaanza msikitini. Yule mzee hakuchukua hata senti, mimi nalijua hilo. Lakini sikuwa na karatasi ya kumtetea. Alifariki baadhi ya watu wakiwa wamenuna, na kisima hakikuisha. Mpaka leo nikimkumbuka najilaumu, kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Allah (S.W.) katika Surat al-Baqara ametuamrisha kuandika deni, dogo au kubwa, na kuweka mashahidi. Basi ikiwa deni la watu wawili huandikwa, vipi amana ya kijiji kizima? Kumwandikia mtu stakabadhi si kumtuhumu. Ni kumlinda, akiwa hai na akiwa kaburini.

Kwa hiyo katika mchango wetu wa madarasa tuyashike haya:

1. Viongozi na walimu tutangulie kutoa, ndipo tuwaombe wengine.

2. Kila kitu kinachopokelewa, fedha au mazao, kiandikwe siku hiyo hiyo na mtoaji apewe stakabadhi. Mazao yakiuzwa, bei isomwe.

3. Fedha zishikwe na zaidi ya mtu mmoja, na mwenye kuandika asiwe yeye huyo huyo mwenye kutunza.

4. Kilichotolewa kwa ajili ya madarasa kisiende kwenye jambo jingine, hata likiwa jema.

5. Hesabu isomwe mbele ya wazazi wote, na kila mwenye swali ajibiwe bila ya kukasirikiwa.

6. Tukijaaliwa kumaliza, tutenge japo ekari moja ya shamba iwe wakfu wa madrasa, mazao yake yatengeneze paa na kununua vitabu miaka ijayo.

Babu zetu walibeba mizigo ya watu kwa miezi wakaifikisha. Mzigo tuliokabidhiwa sisi ni mwepesi kuliko pembe ya ndovu, na safari yake ni fupi kuliko ya Bagamoyo. Tusiuangushe njiani.

Namuomba Allah (S.W.) ampokelee kila aliyetoa na atakayetoa, amsamehe yule mzee wetu na atusamehe sisi tuliomwacha bila ya karatasi. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

MASWALI YA KUJIPIMA (kwa wanafunzi wa darasa la tano na kuendelea)

1. Nini kilitokea Aligarh mwaka 1895, na kingeweza kuzuiwa vipi?

2. Taja faida tatu na hasara mbili za utaratibu wa shilingi kwa shilingi.

3. Eleza tofauti kati ya sadaka inayotumika mara moja na wakfu. Toa mfano kutoka nyumbani kwenu.

4. Muulize mzazi wako kama amewahi kuchangia jambo asijue fedha zimekwenda wapi. Mngelipanga vipi nyinyi?